Haki ya Kusema Sitaki

Septemba 1996 kimbunga Fran kiliupiga mji wa Raleigh, katika jimbo la North Carolina, Marekani, na kuuacha gizani. Miti iliziba barabara, nguzo za umeme zikalala, nyama ikaanza kuharibika majumbani, na wenye wagonjwa wa kisukari wakahangaika kutafuta barafu ya kuhifadhia insulini. Vijana wachache wa Goldsboro, ambako barafu ilikuwa bado inapatikana, walinunua mifuko kwa chini ya dola mbili mmoja, wakaijaza kwenye malori yenye friji, wakachukua na msumeno wa injini wa kukatia miti njiani. Walipofika Raleigh foleni ilijipanga mara moja. Bei waliyoitaja ilikuwa mara kadhaa ya ile waliyonunulia. Watu walinung'unika, ila walinunua. Baadaye polisi walifika, maana sheria ya jimbo hilo inakataza kupandisha bei kupita kiasi wakati wa maafa, wakawakamata wauzaji. Wale waliokuwa wamepanga foleni, ambao barafu yao ndiyo ilikuwa inaondoka hivyo, walipiga makofi.

Michael Munger, msomi wa uchumi na siasa wa Chuo Kikuu cha Duke, amekisimulia kisa hiki kwa miaka mingi, na kilichomkereketa ni yale makofi. Mwanafalsafa Matt Zwolinski wa Chuo Kikuu cha San Diego aliwatetea wauzaji wa namna hiyo katika makala ya mwaka 2008, na hoja yake si ya kupuuza. Aliyebaki nyumbani kwake Goldsboro akitazama televisheni hakulaumiwa na mtu, ingawa hakumsaidia yeyote. Aliyekodi lori na kukata miti njiani aliwafikishia watu kitu walichokihitaji kuliko fedha zao, na huyo ndiye aliyekamatwa. Inakuwaje kumsaidia mtu kwa faida kuwe kosa kubwa kuliko kutomsaidia kabisa?

Mtanzania aliyekuwa mtu mzima mwaka 1983 anayajua makofi hayo. Katika vita dhidi ya wahujumu uchumi vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, waliokutwa na sukari na sabuni za kificho waliitwa walanguzi na kuwekwa ndani, na wengi waliokuwa wakihangaika kwa uhaba walishangilia. Lakini kuwakamata watu hakukuzalisha sabuni. Bidhaa zilianza kurudi madukani kwa wingi baada ya bajeti ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza mali kutoka nje bila kuhojiwa sana walikozipata. Anayetaka kubishana na watetezi wa soko huru ni lazima aanze kwa kukiri kwamba katika jambo hili walikuwa na haki.

Wanaofikiri hivi huitwa walibertari. Msingi wao ni huu: kila mtu anaimiliki nafsi yake, na hakuna aliye na ruhusa ya kumshurutisha mtu asiyemdhuru mwingine, hata serikali. Kutoka hapo wanafika mbali. Robert Nozick wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu Anarchy, State, and Utopia cha mwaka 1974, alitumia mfano wa Wilt Chamberlain, nyota wa mpira wa kikapu. Tuseme mali yote ya nchi imegawanywa kwa haki, kwa kipimo chochote unachokitaka. Kisha watu milioni moja, kila mmoja kwa hiari yake, wanatoa senti 25 zimfikie Chamberlain ili wamwone akicheza. Msimu unapoisha ana dola 250,000 zaidi na mgawanyo wa mwanzo umevurugika. Ni nani aliyedhulumiwa? Nozick hakumwona hata mmoja. Na serikali inapomkata mtu kodi ya jasho lake ili iwape wengine, alisema, imefanya jambo lililo sawa na kazi ya shuruti.

Kwa hesabu hiyo, unyonyaji katika soko huru unakuwa kitu adimu sana. Kama pande zote mbili zimekubaliana na kila upande umeondoka na nafuu, dhuluma imeingilia wapi?

Alan Wertheimer, katika kitabu chake Exploitation cha mwaka 1996, alionyesha kwamba mtu anaweza kupata nafuu katika mapatano na bado akawa amenyonywa. Mkulima wa kahawa wa Kagera hahitaji kitabu kulijua hilo. Ada ya shule imefika au mtoto ameugua, na kahawa bado iko kwenye maua. Anatokea mwenye fedha taslimu, anainunua ikiwa mtini kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo butura. Huko Mtwara na Lindi, wanaonunua korosho kwa njia za panya kwa wakulima waliobanwa na shida huitwa kangomba. Serikali imepiga marufuku biashara zote mbili mara nyingi, na zote zinaendelea, kwa sababu marufuku hayalipi ada. Mlibertari huliona hilo haraka kuliko mkuu wa wilaya. Kinachomchukua muda mrefu zaidi kukiona ni kwa nini mkulima yule, siku ile, alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha.

Gharama ya kuwa na mlango mmoja tu ilionekana kwa vifo huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Jengo la Rana Plaza lilikuwa na viwanda vitano vya nguo vilivyoshonea kampuni za Ulaya na Marekani, na ghorofa za chini zilikuwa na maduka na tawi la benki. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana ukutani na kwenye nguzo. Watu wakatolewa nje, na mhandisi aliyeitwa akasema jengo si salama. Benki iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi. Washonaji, wengi wao wanawake vijana, waliitwa kazini kesho yake asubuhi, na wapo waliotishwa kwamba asiyeingia atapoteza mshahara. Waliingia. Umeme ulikatika, majenereta yakawashwa, jengo zima likatetemeka, na kabla ya saa tatu asubuhi lilikuwa limeporomoka. Waliokufa ni watu 1,134. Kima cha chini cha mshahara wa mshonaji wakati ule kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, hazifiki dola 40.

Watetezi wa viwanda hivyo, kama mchumi Benjamin Powell aliyeviandikia kitabu kizima mwaka uliofuata, wanaeleza kwamba kazi hizo hulipa vizuri kuliko kazi zilizoko kijijini, na kwamba kuvifunga viwanda ni kuwarudisha wasichana kwenye umaskini mbaya zaidi. Hilo kwa sehemu kubwa ni kweli, na wasichana wenyewe walithibitisha kwa miguu yao walipohamia Dhaka kwa maelfu. Lakini asubuhi ile ya tarehe 24 kila mshonaji alipanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe, akiwa ameziona nyufa. Kama kukubali ni kutosukumwa kwa bunduki tu, basi walikubali. Fikra ya uhuru inayoweza kusema hivyo na kutulia ina kasoro mahali.

Ajabu ni kwamba kasoro hiyo iligunduliwa na walibertari wenyewe. Friedrich Hayek, mzaliwa wa Vienna aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1974, alikuwa ameandika katika The Constitution of Liberty, kitabu cha mwaka 1960, kuhusu mtu anayemiliki chemchemi pekee iliyobaki jangwani. Waliohamia hapo wakitegemea maji yatapatikana kwa bei ya kawaida wanajikuta hawana la kufanya ila kutii kila sharti la mwenye chemchemi. Hayek, mtu aliyelitumia neno shuruti kwa uangalifu mkubwa, alikubali kwamba hiyo ni shuruti. Naye Nozick alikuwa na kisima chake jangwani: visima vingine vikikauka, mwenye kile kilichobaki hana haki ya kutoza apendavyo. Sababu yake ilitoka kwa John Locke, aliyefundisha katika karne ya 17 kwamba mtu anaweza kujichukulia sehemu ya ardhi mradi wengine wabakiwe na ya kutosha na nzuri vilevile. Wote wawili walipita hapo haraka, wakalihesabu kuwa jambo la nadra.

Katika historia ya Kenya halikuwa la nadra hata kidogo. Walowezi wa Kizungu walipopewa ardhi ya nyanda za juu, mwanzoni mwa karne ya 20, waligundua kwamba ardhi bila vibarua ni pori. Waafrika hawakuwa na haja ya kulima shamba la mtu kwa ujira walioutaja walowezi, kwa sababu walikuwa na mashamba na mifugo yao. Walikuwa na uwezo wa kusema hapana, na wakautumia. Soko lilikuwa limetoa jibu: ujira ni mdogo, pandisheni.

Walowezi na serikali yao walichagua kuliziba lile jibu. Ardhi ilitangazwa kuwa mali ya Mfalme kwa sheria za mwaka 1902 na 1915. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1901, ilidaiwa kwa fedha taslimu, rupia, na mwaka 1910 ikafuata kodi ya kichwa kwa vijana wasio na nyumba. Njia ya karibu ya kuipata rupia ilikuwa kwenda shambani kwa mlowezi. Mbele ya Tume ya Kazi ya mwaka 1912 na 1913, walowezi walitoa ushahidi bila haya kwamba kodi ipandishwe na maeneo ya wenyeji yapunguzwe ili vibarua wapatikane. Waafrika walizuiwa kulima kahawa, zao ambalo lingewapa fedha bila kuajiriwa na mtu. Kisha, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kikaja kipande: cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu ya kazi na ujira wa mtu, kilichobebwa kwenye kikasha cha chuma shingoni. Aliyeondoka kabla mwajiri hajamsainia alihesabiwa mtoro na kufungwa. Na kwa kuwa ujira wa zamani uliandikwa humo, mwajiri mpya hakuwa na sababu ya kutoa zaidi. Walowezi walipopanga kukata mishahara kwa theluthi moja mwaka 1921, Harry Thuku aliwakusanya watu kupinga. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiwe ulipigwa risasi.

Kila mkataba wa kibarua wa enzi hizo ulikuwa na alama ya dole gumba ya mtu aliyekubali. Ukiutazama mkataba peke yake, ni soko huru. Ukitazama kilichotangulia, ni mpango wa miaka 20 wa kumnyang'anya mtu kila kitu ambacho kingemwezesha kukataa. Walioupanga walielewa jambo moja la uchumi vizuri kuliko wanafalsafa wengi: bei ya kazi ya mtu inategemea kile alichonacho akisema sitaki. Mlibertari wa kweli ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuikasirikia historia hii, maana kila hatua yake ni serikali ikitumia nguvu dhidi ya mali na hiari ya watu.

Kipande kilifutwa, ila wazo lake bado linaishi Ghuba. Mwanamke wa Mombasa, Kampala au Tanga anayekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za ndani anaingia chini ya kafala: kibali chake cha kuishi kimefungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Akitoka bila ruhusa, kafili anaweza kumripoti kuwa ametoroka, huroob, na tangu hapo yeye ndiye mvunja sheria. Saudi Arabia ililegeza masharti ya kubadili mwajiri Machi 2021, lakini wafanyakazi wa ndani hawakuingizwa. Wengi wao walisaini wenyewe, tena walihangaika kupata hiyo nafasi. Kuna waliorudi na kujenga nyumba. Kuna waliorudi na makovu, na waliorudishwa kwenye majeneza. Hiari ya siku ya kusaini haiwezi kubeba miaka miwili ya mlango uliofungwa.

Mwanafalsafa Karl Widerquist alilifanya hili kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 2013: uhuru ni uwezo wa kukataa, na asiye na ardhi wala akiba hana uwezo huo, kwa kuwa kila kitu anachohitaji ili aishi kina mwenyewe. Dawa anayoipendekeza ni kipato cha msingi, yaani fedha anayolipwa kila mtu mara kwa mara, bila kuulizwa kama anafanya kazi wala kama ni maskini.

Pendekezo hili lina nasaba ndefu miongoni mwa wapenda soko. Thomas Paine, aliyekuwa mwandishi mashuhuri wa mapinduzi ya Marekani, alitoa mwaka 1797 kijitabu Agrarian Justice. Ardhi, alisema, ilikuwa mali ya wote kabla ya kugawanywa. Hivyo mwenye shamba anadaiwa na jamii kodi ya ardhi, ingawa juhudi aliyoiweka humo ni yake. Kila anayetimiza miaka 21 apewe pauni 15, na kila aliyefika miaka 50 apewe pauni 10 kwa mwaka. Paine alisisitiza kwamba hiyo ni haki yao, si sadaka. Hayek naye alikubali tangu mwaka 1944 kwamba nchi tajiri inaweza kumhakikishia kila mtu chakula, malazi na mavazi, na katika kitabu cha mwisho cha Law, Legislation and Liberty cha mwaka 1979 akatoa sababu yenye maana hasa kwa Waafrika: katika jamii kubwa ya kisasa mtu ameachana na kikundi kidogo alichozaliwa humo, kile ambacho zamani kingemlisha akianguka. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam aliyewahi kupiga simu kijijini akakuta ukoo nao una njaa anajua Hayek alikuwa anazungumzia nini.

Milton Friedman alikwenda kwenye hesabu. Katika Capitalism and Freedom cha mwaka 1962 alipendekeza kodi hasi ya mapato: anayepata zaidi ya kiwango fulani alipe kodi, anayepata chini yake alipwe. Alipenda kwamba mpango huo ungeondoa utitiri wa ofisi zinazomchunguza maskini anakula nini na analala na nani. Rais Richard Nixon alilichukua wazo hilo kwa sura nyingine Agosti 1969, akipendekeza dola 1,600 kwa mwaka kwa familia ya watu wanne isiyo na kipato. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada huo Aprili 1970 kwa kura 243 dhidi ya 155. Ulikufa katika Seneti, ukipigwa na pande zote: wahafidhina waliona ni kulea uvivu, na watetezi wa maskini waliona fedha ni kidogo mno.

Si walibertari wote waliofuata njia hiyo. Murray Rothbard alimshambulia Friedman waziwazi kwa sababu hiyo, na kwa kanuni zake alikuwa sahihi: ukishasema kodi ni wizi, kipato cha msingi ni wizi unaogawiwa kwa usawa. Pingamizi hilo linapewa nguvu kuliko linavyostahili. Linadhani kwamba kinachotozwa siku zote ni jasho la mtu. Alaska inaonyesha vinginevyo. Mafuta yalipopatikana Prudhoe Bay, gavana Jay Hammond wa chama cha Republican alisimamia kuundwa kwa mfuko wa kudumu mwaka 1976, na tangu mwaka 1982 kila mkazi, mtoto na mkubwa, analipwa gawio kila mwaka. La kwanza lilikuwa dola 1,000. La mwaka 2022 lilikuwa dola 3,284. Wakazi wa Alaska ni watu wasiopenda serikali iwaingilie, na mwanasiasa anayetaka kukata gawio lile hujitafutia balaa. Mafuta yale hayakutengenezwa na mtu yeyote, kwa hiyo Chamberlain hajaguswa hata senti yake.

Na uvivu? Majaribio yapo tangu miaka ya 1960. Mji mdogo wa Dauphin, Manitoba, Kanada, ulihakikishiwa kipato cha chini tangu mwaka 1974 hadi 1979. Mchumi Evelyn Forget alipofukua kumbukumbu zake miaka mingi baadaye, alikuta kulazwa hospitalini kulipungua kwa asilimia 8.5 kulinganisha na mahali pengine. Lakini jaribio kubwa kuliko yote liko Kenya, katika kaunti za Siaya na Bomet.

Shirika la GiveDirectly, pamoja na watafiti wakiwemo Abhijit Banerjee na Tavneet Suri wa MIT, walichagua vijiji 295. Katika vijiji 44 kila mtu mzima aliahidiwa senti 75 za dola kwa siku, takriban shilingi 2,250 za Kenya kwa mwezi wakati mpango ulipoanza, kwa miaka 12. Vijiji 80 vilipata kiasi hichohicho kwa miaka miwili tu. Vijiji 71 vilipata fedha zote kwa mkupuo mmoja, na vijiji 100 havikupewa kitu, ili viwe vya kulinganisha. Hakuna fomu wala barua ya chifu ya kuthibitisha umaskini. Simu inalia, ujumbe wa M-Pesa umeingia.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yanastahili kusomwa taratibu. Watu hawakuacha kazi. Walipunguza saa za kuajiriwa na kuongeza saa za kujiajiri: vibanda, kuuza samaki na mboga, kushona. Waliopewa mkupuo na walioahidiwa miaka 12 walianzisha biashara nyingi zaidi kuliko waliopewa miaka miwili, ingawa hadi siku ya hesabu wa miaka miwili na wa miaka 12 walikuwa wamepokea kiasi kilekile kila mwezi. Ahadi yenyewe ilikuwa mtaji. Na wa miaka 12 walifanya jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyewafundisha: waliingia kwenye vyama vya kupeana kwa zamu, wakazigeuza zile 2,250 za kila mwezi kuwa kitita cha kununulia ng'ombe au mzigo wa duka.

Yanayostahili kutazamwa zaidi ni hayo ya kupunguza kibarua. Siaya ni sehemu ya Nyanza, eneo ambalo serikali ya kikoloni ililifanya ghala la vibarua wa mashamba, reli na bandari. Bomet ni nchi ya Wakipsigis, wanaopakana na mashamba makubwa ya chai ya Kericho yaliyokatwa kwenye ardhi yao. Kodi ya nyumba ilichukua fedha kwa kila nyumba bila kujali hali yake, ili watu waende kwa mwajiri. Miaka 100 na zaidi baadaye, fedha zinaingia kwa kila mtu mzima katika baadhi ya vijiji vya kaunti hizohizo bila kujali hali yake, na watu wanapungua kwa mwajiri na kuongezeka kwenye shughuli zao. Ni mtambo uleule uliogeuzwa mwelekeo, na umefanya kazi kama ambavyo wale walowezi wa Tume ya mwaka 1912 wangetabiri.

Upande mmoja wa mpango huo bado unakera. Fedha zinatoka kwa wahisani wa mbali. Shirika hilohilo lilipofika Homa Bay mwaka 2015, wengi walikataa kuandikishwa. Uvumi ulienea kwamba fedha za bure ni za mashetani. Ni rahisi kuucheka uvumi huo, lakini mtu aliyekulia mahali ambapo kila anayekuja na mkono wazi ana jambo lake ana sababu ya kuuliza. Anayepewa kwa hisani anaweza kunyimwa kwa hisani, na malipo ya vile vijiji 44 yataisha karibu mwaka 2030.

Hapa ndipo Nozick, adui wa kodi, anageuka kuwa shahidi wa upande wa pili. Nadharia yake haikusema mali yoyote aliyonayo mtu ni halali. Ilisema ni halali kama ilipatikana kwa haki na kuhamishwa kwa haki. Vinginevyo kuna kanuni ya kurekebisha dhuluma, na alikiri kwamba dhuluma za zamani zinaweza kuwa kubwa hata zikahitaji, kwa muda, serikali yenye mamlaka makubwa kuliko aliyoitaka yeye. Sasa itazame Kericho. Talai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, walihamishwa kwa nguvu kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, ambako mbung'o na malaria viliwaua watu na mifugo. Mashamba ya chai yamekuwa yakiuzwa kutoka kampuni moja hadi nyingine, safari ya karibuni kwa wawekezaji wa Sri Lanka, na kila mauzo yana karatasi safi. Ila mnyororo wa karatasi safi haumsafishi aliyeanza kwa kunyang'anya. Hilo ni fundisho la Nozick mwenyewe.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa, ikapendekeza mashamba yapimwe upya na kodi ya ardhi ipandishwe. Mwaka 2022 madai yao yalipelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya dhidi ya Uingereza. Na tayari, kwa kifungu cha 65 cha Katiba ya mwaka 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya kwa zaidi ya miaka 99, hata kama hati yake ya zamani iliandikwa miaka 999. Maana yake kuna mwenye ardhi, ambaye ni umma, na kuna mpangaji anayelipa kodi ya kila mwaka. Kodi hiyo ikipangwa kwa bei halisi ya soko na kugawiwa kwa usawa kwa kila mkazi wa Kericho na Bomet kupitia simu zilezile zinazopokea M-Pesa, hakuna mtu anayekuwa amekatwa jasho lake, na Paine na Nozick wanaweza kuisaini hati moja. Wachuma chai wa Kericho, ambao wengine wao wamekuwa wakiandamana dhidi ya mashine za kuchumia zinazochukua nafasi zao, wangeingia kwenye mazungumzo ya mshahara ujao wakiwa na kitu cha kula nyumbani kwa mwezi mmoja wa mgomo.